Steringi Hafi: Mwisho wa Picha na Mielekeo ya Kisiasa ya Tanzu za Filamu

Mwishoni mwa High Noon, filamu ya kikauboi iliyotoka mwaka 1952, majambazi wanne wamekwisha kuuawa, naye Will Kane, mlinzi wa sheria wa mji mdogo wa Hadleyville, amesimama barabarani pamoja na mkewe. Watu wa mji, ambao muda mfupi uliopita walimgeuzia kisogo mmoja baada ya mwingine alipopita akiomba msaada, sasa wanamiminika kutoka majumbani na kumzunguka. Kane hasemi neno. Anawatazama, anaibandua beji ya bati kifuani, anaiangusha vumbini, anapanda gari la farasi na kuondoka. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1971, mwigizaji John Wayne aliliambia jarida la Playboy kwamba hajapata kuona kitu kilicho kinyume cha Umarekani kama filamu ile, na akakumbuka kwa hasira jinsi Gary Cooper, aliyeigiza kama Kane, alivyoitia beji chini ya kiatu na kuikanyaga. Cooper hakuikanyaga. Kiatu kile kiliongezwa na kumbukumbu ya Wayne mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1971 ikatoka Dirty Harry. Inspekta Harry Callahan wa polisi wa San Francisco, anayeigizwa na Clint Eastwood, anamuua mhalifu aliyekuwa akimsaka, kisha naye anaitazama beji yake na kuitupa majini. Tendo ni lilelile, lakini maana iligeuka. Filamu ya Kane ilihesabiwa kuwa malalamiko ya mrengo wa kushoto, ilhali filamu ya Callahan ilimfanya Pauline Kael, mhakiki wa jarida la The New Yorker, aandike kwamba utanzu mzima wa filamu za mapambano ulikuwa na mbegu ya ufashisti tangu zamani, na kwamba sasa mbegu hiyo imechomoza. Kael hakuilaumu filamu moja tu, aliulaumu utanzu. Dai hilo ndilo ninalotaka kulifungua hapa, kwa sababu watu wengi hulirudia kwa upande wa kulia au wa kushoto bila kueleza ni kwa njia gani aina ya hadithi inaweza kuwa na siasa, hata kabla ya mwandishi wake kuwa na maoni yoyote.

Maneno kulia na kushoto kwa maana ya kisiasa yalitoka Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliotaka kumwachia mfalme mamlaka makubwa walipozoea kukaa upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge, na waliotaka kuyapunguza wakakaa kushoto. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki vazi hilo halitukai vizuri, maana vyama vyetu mara nyingi hugawanyika kwa mambo mengine kabisa, kwa hiyo nitayatumia maneno haya kwa maana finyu. Hadithi iko kulia inapoamini kwamba hatari hutoka nje au hutoka katika uovu wa mtu mwenyewe, na kwamba dawa yake ni utaratibu wa zamani ukisimamiwa na mkono wenye nguvu. Iko kushoto inaposhuku wenye nguvu, ikaona kwamba uovu hutengenezwa na mpangilio wa jamii, na ikatarajia nafuu kutoka kwa wengi. Kila filamu hulazimika kusema uovu umetoka wapi, nani ana ruhusa ya kutumia nguvu, na nani anayefunga shauri mwishoni. Utanzu hauna kadi ya chama. Una mazoea, na mazoea yenye uzito kuliko yote ni yale ya kumaliza picha.

Filamu za kikauboi zilizaliwa zikiwa zimeinamia kulia. Nchi huchorwa kama tupu ingawa ina wenyewe, hakimu yuko mbali, treni hupita kwa nadra, na mtu mwema hutambulika kwa kuwa huchomoa bastola akiwa wa pili na bado akawahi. Wenyeji wa asili wa nchi ile wamewekwa kundi moja na jangwa na ukame, yaani miongoni mwa vizuizi vya safari. Msomaji ambaye babu yake alihamishwa ili kupisha mashamba ya walowezi katika nyanda za juu za Kenya hahitaji mhakiki wa kumweleza ardhi tupu ni nini.

Hata hivyo, ndani ya mazoea hayohayo Carl Foreman aliandika mswada wa High Noon. Foreman alipata kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Marekani, akajitoa. Mwaka 1951, filamu ikiwa kazini, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti katika sinema, akakataa kuwataja wenzake, na kwa kukataa huko akaingia katika orodha nyeusi ya watu wasiopewa kazi Hollywood. Baadaye alihamia Uingereza. Alipokuwa akiandika, marafiki walikuwa wamekwisha kuanza kumkwepa, na ukiitazama filamu ukijua hilo, tukio la kanisani linabadilika rangi. Kane anaingia ibadani kuomba watu wa kumsaidia. Mkubwa mmoja wa mji anasimama na kummwagia sifa, kwamba hapajapata kutokea mlinzi bora kuliko yeye, kisha kwa sauti ileile ya upole anaeleza kwamba kuna watu wa kaskazini wanaofikiria kuleta fedha za kujenga maduka na viwanda, na kwamba wakisikia habari za risasi barabarani watabadili nia. Kwa hiyo ingekuwa heri Kane aondoke. Hakuna anayemtukana. Anauzwa kwa adabu.

Wayne na mwongozaji Howard Hawks walijibu mwaka 1959 kwa filamu Rio Bravo, ambayo shujaa wake hamwombi mtu msaada, anawakatalia hata wanaojitolea kwa sababu kazi ya bunduki ni ya wanaoiweza, na mwishoni anabaki na beji yake. Hapa ndipo mambo yanapoanza kukanganya, na ninaona wahakiki wengi hupita upesi. Shujaa wa Hawks, anayesemwa kuwa wa kulia, anaokolewa kila mara na kikundi cha watu waliodharauliwa: mlevi anayejaribu kuacha pombe, mzee kiwete, kijana mgeni, mwenye hoteli wa Kimeksiko. Wanalala pamoja ndani ya jela, wanatunzana, wanaimba. Shujaa wa Foreman, anayesemwa kuwa wa kushoto, ni mtu mmoja mwenye haki mbele ya umma wa waoga, na filamu inamkubalia dharau yake kwa umma huo. Ukifuta majina ya watengenezaji na kumwonyesha mgeni picha zote mbili, sidhani kama atazipanga kama zilivyozoeleka kupangwa.

Nchini Poland walifuta majina hayo kwa vitendo. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989, vuguvugu la Solidarność, lililopinga utawala wa kikomunisti, lilibandika mabango yenye picha ya Gary Cooper akitembea kama alivyotembea katika High Noon, mkononi akiwa na karatasi ya kura badala ya bastola, na nembo ya Solidarność kifuani juu ya beji ya mlinzi wa sheria. Hadithi iliyoandikwa na mtu aliyeadhibiwa kwa tuhuma za ukomunisti ikawa silaha ya kuwaondoa wakomunisti madarakani, na hakuna aliyelazimika kubadili hata fremu moja.

Waitaliano waliuchukua utanzu huu katika miaka ya 1960 na kuupindua waziwazi. Katika Quién sabe?, filamu ya Damiano Damiani ya mwaka 1966, ambayo Franco Solinas, mwandishi wa The Battle of Algiers, alishiriki kuiandika, mandhari ni mapinduzi ya Meksiko na kauboi mtanashati kutoka Marekani ni mamluki aliyetumwa kumuua kiongozi wa waasi. Picha inakwisha kwa jambazi wa Kimeksiko kumpiga risasi huyo aliyemfanya tajiri, kisha akamtupia fedha masikini mmoja na kumpigia kelele asinunue mkate, anunue baruti. Farasi ni walewale na vumbi ni lilelile. Kilichogeuzwa ni mwisho.

Filamu za majambazi zina historia inayofanana na hiyo. Mwaka 1931 James Cagney aliigiza katika The Public Enemy kama kijana wa mtaa wa kimasikini anayepanda ngazi kwa pombe haramu na risasi. Mwishoni maiti yake, iliyoviringishwa bandeji, inasimamishwa mlangoni kwa mama yake, na mlango ukifunguliwa inaanguka ndani kifudifudi. Fundisho limetolewa: uhalifu haulipi. Lakini kabla ya fundisho hilo mtazamaji amekaa zaidi ya saa moja akiona kwamba mtoto yule hakuwa na ngazi nyingine ya kupanda, na amempenda. Naweza kusema tumbo la filamu liko kushoto na mkia wake uko kulia, na wachunga maadili wa wakati ule waliliona hilo, kwani kuanzia katikati ya mwaka 1934 kanuni za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba huruma ya mtazamaji isielekezwe kwa mhalifu. Mwaka 1935 Cagney akarudi, kwa kampuni ileile ya Warner Bros., katika filamu G Men. Alikuja na kasi ileile ya kusema na ngumi ileile, isipokuwa safari hii bunduki ilikuwa ya serikali. Mtazamaji hakutakiwa kuacha kumpenda. Alipewa tu kibali.

Turudi kwa Callahan, maana tukio moja katika filamu yake linaonyesha kwa karibu mwelekeo wa utanzu huu unakotoka. Ni usiku, katika uwanja wa mpira mtupu. Muuaji, Scorpio, amepigwa risasi mguuni na amelala kwenye nyasi. Amemteka msichana na kumfukia mahali, na hewa inamwishia. Callahan anamuuliza yuko wapi. Scorpio anapiga mayowe akidai haki zake na wakili. Callahan anaweka kiatu juu ya jeraha na kukandamiza, na kamera inaanza kurudi nyuma na kupaa, mpaka watu wawili wale wanakuwa nukta katika ukungu. Baadaye mwendesha mashtaka anamweleza kwamba ushahidi wote umeharibika, akitaja kesi za Escobedo na Miranda, zilizolinda haki za mshukiwa anapohojiwa na polisi, ambazo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeziamua mwaka 1964 na mwaka 1966, na Scorpio anaachiwa. Ukumbini watu hughadhibika. Wanaghadhibika kwa sababu wao walimwona Scorpio akiua. Kamera ni shahidi asiyekosea, na palipo na shahidi asiyekosea, taratibu za kumlinda mshtakiwa huonekana kuwa upuuzi wa wanasheria.

Hiyo ndiyo mbegu aliyoisema Kael, ingawa mimi ningeieleza kama tabia ya chombo kuliko nia ya watu. Filamu inayotuonyesha uhalifu kabla ya kesi imekwisha kutoa hukumu, na kinachobaki ni kulaumu wanaochelewesha adhabu. Linganisha na 12 Angry Men ya mwaka 1957, ambayo karibu yote inachezwa ndani ya chumba kimoja cha wazee wa baraza: mauaji yenyewe hatuonyeshwi, kijana anayeshtakiwa tunamwona kwa kitambo kidogo tu, na kwa kuwa hatujui, shaka inakuwa fadhila. Tofauti ya siasa kati ya picha hizi mbili imeanzia kwa mtunzi kuamua kumficha au kumwonyesha mtazamaji jambo moja. Huku kwetu, ambako vikundi vya sungusungu vilianza miaka ya mwanzo ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiibwa na kesi haziendi popote, hasira dhidi ya utaratibu unaomwachia mwizi haikuhitaji kuletwa na sinema. Inajulikana pia ilivyo hatari pale anayeadhibu hakuona kwa macho. Mwaka 1973 Eastwood alirudi katika Magnum Force, na safari hii maadui wake ni askari vijana wa pikipiki wanaoua wahalifu bila kesi. Ni vigumu kutoiona kama jibu kwa lawama za filamu ya kwanza.

Mwongozaji wa Dirty Harry alikuwa Don Siegel, mtu yuleyule aliyetengeneza Invasion of the Body Snatchers mwaka 1956, na filamu hiyo imewashinda wote wanaotaka kuupa utanzu rangi moja. Katika mji wa Santa Mira watu wanabadilishwa wakiwa usingizini na nakala zao zinazoota ndani ya maganda makubwa. Nakala zina sura ileile, sauti ileile, ila hazina huzuni wala upendo. Wapo walioona humo ukomunisti unaoingia majumbani kimyakimya. Wapo walioona kinyume chake, yaani Marekani ya Seneta McCarthy, ambamo jirani aliye tofauti husakwa mpaka afanane na wengine. Zote mbili zinakaa, kwa kuwa hadithi haisemi maganda yametumwa na nani. Siegel alitaka imalizike kwa daktari akipiga kelele barabarani katikati ya magari, akiwaonya watu wasiomsikiliza. Kampuni iliona mwisho huo unatisha mno, ikaongeza mwanzo na mwisho mwingine, ambamo wakubwa wanamsadiki daktari na kuamuru FBI waitwe. Kwa dakika chache hizo, filamu iliyokuwa ikishuku kila mtu ikaishia kuwaamini askari wa upelelezi.

Filamu za kutisha kwa jumla hufuata swali hilohilo la asili ya uovu. Mhakiki Robin Wood, Mwingereza aliyefundisha Kanada, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kiini cha utanzu huu ni maisha ya kawaida kuvamiwa na dubwana, na kwamba siasa yake inategemea filamu inayatazamaje hayo maisha ya kawaida. Ikiwa nyumba, familia na kanisa ni vitu vyema vilivyovamiwa na mgeni, dubwana likiuawa mambo yamekwisha. Lakini ikiwa dubwana limetoka ndani ya nyumba ileile, kulitoa hakumalizi jambo. George Romero alifika hapo mwaka 1968 kwa Night of the Living Dead. Ben, kijana mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anapigana usiku kucha na wafu waliofufuka, anawashinda kwa akili watu wote waliokuwa naye ndani ya nyumba, na asubuhi, anapochungulia dirishani baada ya kusikia waokoaji, kundi la raia weupe wenye bunduki linampiga risasi ya kichwa kwa kudhani ni mfu. Majina ya waigizaji yanapita juu ya picha za mgando zilizokwaruzika kama za gazeti, zikionyesha ndoano zikizamishwa katika mwili wake. Romero alieleza kwamba mswada haukuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Jones alikuwa tu bora kuliko wengine. Alisimulia pia kwamba alikuwa garini akipeleka filamu New York aliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa.

Jordan Peele aliujua mwisho huo vizuri alipotengeneza Get Out ya mwaka 2017. Shujaa wake, Chris, yuko barabarani usiku, amezungukwa na maiti za familia ya kizungu iliyotaka kumnyang'anya mwili, na taa za gari la polisi zinamulika. Kila anayetazama anajua kinachofuata. Peele alikwisha kupiga mwisho ambao Chris anafungwa, kisha akauacha. Gari likisimama anateremka rafiki yake, mlinzi wa uwanja wa ndege. Kelele za furaha za ukumbini wakati ule ni siasa tupu: watu wanashangilia kwamba aliyefika si sheria.

Wajapani nao walikuwa na dubwana lao. Godzilla lilitoka baharini mwaka 1954, miezi michache baada ya majivu ya bomu la majaribio la Marekani kuwaangukia wavuvi wa Kijapani mwezi Machi. Toleo la Marekani la mwaka 1956 lilipunguza mengi ya kumbukumbu hizo za nyuklia. Huko Nigeria, Living in Bondage ya mwaka 1992 ilianzisha mtindo uliokuja kujulikana mpaka mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, wa mtu kumtoa kafara mkewe kwa kikundi cha siri ili apate utajiri. Sijaona utanzu ulio mkali hivi juu ya utajiri wa ghafla: kila gari jipya lina damu ya mtu. Ila ugonjwa ukishaelezwa kwa ukali wote huo, dawa inayotolewa mwishoni ni maombi na mchungaji, na anayetubu ni mtu mmoja, wala si mfumo uliomtamanisha.

Kama siasa ya picha inakaa mwishoni, basi haishangazi kwamba wenye mamlaka huenda mwishoni moja kwa moja. Watu wa pwani yetu waliokua na picha za Kihindi wanamjua Gabbar Singh, jambazi wa filamu Sholay, na wanamjua Thakur, ofisa wa zamani wa polisi ambaye Gabbar alimkata mikono yote miwili. Filamu ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Juni na serikali ya Indira Gandhi. Mwongozaji Ramesh Sippy alikuwa amepiga mwisho ambao Thakur, asiye na mikono, anamkanyaga Gabbar hadi kufa kwa viatu vilivyopigiliwa misumari. Wakaguzi walikataa. Mtu aliyewahi kuvaa sare hawezi kuonekana akichukua sheria mikononi, au miguuni, na kwa hiyo katika toleo la kumbini polisi wanatokea dakika ya mwisho na kumwomba awaachie mhalifu. Ukiitazama leo unaiona serikali ikiingia kwenye fremu kwa miguu yake. Kenya ilikuwa na kisa cha namna hiyo katika utanzu unaodhaniwa hauna siasa kabisa, wa hadithi za mapenzi. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku mwezi Aprili 2018, na mwongozaji alieleza kwamba wakaguzi walimtaka abadili mwisho, kwa kuwa haukuonyesha majuto, naye akakataa. Mwezi Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Hadithi ya mapenzi hufungwa kwa harusi au kwa kilio, na kuchagua ni wapendanao gani watakaoachwa wakiwa na matumaini ni kuamua ni mapenzi gani yanayostahili.

Utanzu ambao siasa yake haingoji mwisho ni ule wa vita, kwa sababu tu ya gharama. Manowari ya kubebea ndege haikodishwi dukani. Jeshi la Marekani limekuwa likisaidia watengenezaji wa filamu tangu enzi za Wings ya mwaka 1927, na anayetaka vifaa vyake hutakiwa kwanza kukubaliana nalo juu ya mswada. Top Gun ya mwaka 1986 ilipigwa kwa ndege na meli za jeshi la majini. Francis Ford Coppola hakupata msaada huo kwa Apocalypse Now ya mwaka 1979, akakodi helikopta za jeshi la Ferdinand Marcos nchini Ufilipino, na zikawa zinaondolewa katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi wa kweli. Filamu inayolalamikia vita ya Marekani dhidi ya waasi wa Asia ilisubiri helikopta zirudi kutoka vita vingine dhidi ya waasi wa Asia.

Lakini kuna mwamuzi mwingine wa mwisho wa picha ambaye si serikali wala kampuni, naye ni mtazamaji. Katika mabanda ya video ya Tanzania sheria yake inatamkwa kwa maneno mawili: steringi hafi, yaani shujaa wa picha hafi. Anayesema hivyo hutaka kumtuliza mwenzake aliyeshika kichwa steringi anapodondoka mtoni, ila ndani yake kuna nadharia nzima ya siasa, kwamba historia huendeshwa na mtu mmoja, na wengine wote, wawe maadui au wanakijiji, ni idadi. Picha za Kihindi za Amitabh Bachchan ziliivunja sheria hiyo: katika Deewaar ya mwaka 1975 anauawa na ndugu yake polisi na kukata roho mapajani mwa mama, na katika Sholay anakufa ili rafiki yake apone. Hollywood iliitii, na mfano wake mkubwa ni jina ambalo Watanzania walilibandika hata kwenye mfuko wa plastiki, ukaitwa rambo mpaka ulipopigwa marufuku mwezi Juni 2019.

First Blood ya mwaka 1982 ni picha ya Rambo, askari aliyerudi kutoka Vietnam, akafukuzwa mjini na mkuu wa polisi kwa kosa la kuonekana mzururaji. Adui ni dola la nyumbani. Katika riwaya iliyotangulia mwaka 1972 Rambo anakufa, na watengenezaji walikwisha kupiga mwisho wa namna hiyo. Watu waliojaribishiwa filamu hawakuupenda, ikaamuliwa aishi. Kwa kuwa aliishi, ilipatikana sehemu ya pili, na mwaka 1985 mtu yuleyule aliyevunjwa na nchi yake alirudishwa Vietnam kuipatia ushindi ilioukosa. Rais Reagan, mateka wa Kimarekani walipoachiwa Beirut mwezi Juni mwaka huo, alitania kwenye kipaza sauti kwamba ameitazama Rambo na sasa anajua la kufanya siku nyingine. Picha ya kwanza isingemfaa kwa utani huo.

Nilipokuwa darasa la tano nilizitazama zote mbili katika banda la mabati mtaani kwetu, kwa mpangilio uliogeuka, ya pili kabla ya ya kwanza, kwenye kanda iliyotiwa sauti ya mtu anayefasiri. Mfasiri alitafsiri kila ngumi. Alimpa mkuu wa polisi maneno ya dharau ambayo nina hakika hakuyasema, na banda likacheka. Kisha ikafika mwisho, pale Rambo anapokaa sakafuni na kulia kama mtoto akimsimulia kamanda wake jinsi rafiki alivyolipukiwa mbele ya macho yake. Mfasiri alisema, "Anakumbuka mbali," akanyamaza. Yule bwana aliyeendelea kulia kwenye televisheni alilia kwa Kiingereza peke yake, na wakubwa waliokaa mbele walikuwa wamekwisha kusimama, wakitafuta viatu vyao gizani.